Pembe ya Iskandar

Tulipokuwa wadogo chuoni, mwalimu alitufasiria Suratul-Kahf, akatueleza habari za Dhulkarnaini, mwenye pembe mbili, aliyewajengea watu boma la chuma na shaba kuwazuia Yajuju na Majuju. Wazee wetu wengine walisema huyo ndiye Iskandar. Miaka mingi baadaye niliona kitabuni picha ya sarafu ya fedha ya kale, yenye kichwa cha Iskandar na pembe ya kondoo dume juu ya sikio. Nikajiambia kwamba ushahidi ndio huu. Kumbe nilifanya haraka.

Iskandar alizaliwa Pella, Makedonia, mwaka 356 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Baba yake, Mfalme Filipo, aliuawa mwaka 336, naye akatawazwa akiwa na miaka 20. Mwaka 331 alikwenda Siwa, katika jangwa la Misri, kwenye hekalu la Amuni, mungu wa pembe za kondoo, na makuhani wakampokea kama mwana wa mungu huyo. Mwaka huo huo alimshinda Dario wa Uajemi, kisha akatwaa hazina zake. Fedha nyingi ya Waajemi ikapigwa sarafu.

Lakini sarafu zake kubwa, zenye uzito wa gramu 17 hivi, zilikuwa na Herakles aliyevaa ngozi ya simba upande mmoja, na Zeus kitini upande wa pili. Pembe haikuwamo.

Alifariki Babeli mwaka 323, umri wake miaka 32, na majemadari wake wakagawana nchi. Lysimachus, aliyetawala Thrakia, hakuzaliwa mwana wa mfalme. Zaidi ya miaka 20 baada ya mauti ya bwana wake, alipiga sarafu yenye uso wa marehemu na pembe ile ya Amuni. Nyuma yake akaandika kwamba ni ya Mfalme Lysimachus.

Basi, ndugu wasomaji, pembe ile yatuonyesha haja ya aliyeipiga sarafu. Maulamaa wenyewe walihitilafiana: ar-Razi alimhesabu Iskandar kuwa Dhulkarnaini, Ibn Kathir alikataa, kwani Iskandar huyu wa Makedonia alikuwa mshirikina, na Dhulkarnaini alimwamini Mola mmoja. Mimi, baada ya kuitazama sarafu upande wake wa pili, nimeacha kuifanya shahidi.