Dennis Ritchie na nafasi ndani ya simu yako

Msikilizaji uliyewahi kupakua kipindi kikakatika njiani kwa kuwa simu imejaa, leo tumjue Dennis Ritchie.

Alizaliwa Septemba 9, 1941, Bronxville, New York, Marekani. Alisoma fizikia Harvard, kisha mwaka 1967 akaingia Bell Labs, alikofanya kazi pia baba yake. Mwaka 1969 yeye, Ken Thompson na Rudd Canaday walibuni namna mpya ya kupanga mafaili kwenye diski. Mifumo mingi ya wakati ule ilimtaka mtu ataje mapema faili lake litakuwa kubwa kiasi gani. Sawa na kutandika majamvi ya kuanikia karafuu kabla hujachuma: ukitandika mengi unamnyima mwenzako nafasi, ukitandika machache karafuu zinabaki kwenye pakacha.

Katika Unix, mfumo wao, faili lilianza tupu, likapewa nafasi kipande kwa kipande kadiri lilivyoandikwa. Raha, lakini diski ikijaa katikati, kazi inakwama. Ndiyo maana mifumo ya baadaye, ikiwemo Linux iliyo ndani ya simu za Android, iliongeza amri ya kutenga nafasi mapema kwa programu inayoihitaji.

Ritchie ndiye pia aliyeunda lugha ya C, ambayo sehemu kubwa ya kiini cha Linux imeandikwa kwayo. Mwaka 1983 alipewa Tuzo ya Turing pamoja na Thompson.

Alikutwa amefariki nyumbani kwake New Jersey Oktoba 12, 2011, wiki moja baada ya kifo cha Steve Jobs. Habari za Jobs zilienea dunia nzima; za Ritchie wachache tu walizisikia.