Franz Karl Naegele

Franz Karl Naegele (12 Julai 1778 – 21 Januari 1851) alikuwa daktari na profesa wa ukunga nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa Kanuni ya Naegele, hesabu ambayo hadi leo hutumika kukadiria tarehe ya matazamio ya kujifungua.

Maisha

Alizaliwa mjini Düsseldorf. Alisomea udaktari Strasbourg, Freiburg na Bamberg, halafu akafanya kazi ya utabibu huko Barmen. Mwaka 1807 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, na mwaka 1810 akawa profesa kamili na mkuu wa hospitali ya uzazi. Alimwoa binti wa Franz Anton Mai, profesa aliyemtangulia. Mwanawe Hermann Franz naye alikuwa daktari wa uzazi.

Mwaka 1830 alitoa kitabu cha kufundishia wakunga kilichochapishwa tena mara nyingi. Kitabu chake cha mwaka 1839 kilieleza nyonga iliyobanwa upande mmoja, kasoro inayozuia mtoto kupita. Madaktari huiita nyonga ya Naegele.

Kanuni yake

Chukua tarehe ya hedhi ya mwisho, rudi nyuma miezi mitatu, kisha ongeza siku saba. Aliyeanza hedhi tarehe 10 Januari hutazamiwa kujifungua tarehe 17 Oktoba, yaani baada ya siku 280 au wiki 40. Kwa kuwa miezi hailingani, mara nyingine jibu huzidi kwa siku moja hadi tatu.

Hesabu yenyewe haikuwa yake. Naegele aliitoa kwa Herman Boerhaave (1668–1738), tabibu wa Leiden, Uholanzi. Tena hakuweka wazi kama hesabu ianze siku ya kwanza ya hedhi au ya mwisho, na vitabu vya baadaye vilitofautiana mpaka siku ya kwanza ikazoeleka. Tofauti hiyo ya siku nne au tano si ndogo: mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 huhesabiwa njiti, na mimba inayofika wiki 42 huhesabiwa kuwa imepitiliza. Tarehe ikikosewa, mama anaweza kuanzishiwa uchungu mapema mno, au akaachwa angoje kupita kiasi.

Kanuni hudhani kwamba mzunguko ni wa siku 28 na kwamba mama anaikumbuka tarehe. Wenye mizunguko mirefu au isiyotabirika hupewa tarehe isiyo sahihi. Anayenyonyesha anaweza kushika mimba kabla hedhi haijarudi, hivyo hana tarehe ya kuanzia. Hata hesabu ikiwa sawa, ni akina mama wachache, takriban wanne au watano katika kila mia, wanaojifungua siku ileile iliyotajwa.

Matumizi ya leo

Kwenye kliniki, muuguzi huilinganisha tarehe hiyo na kimo cha mimba, anachopima kwa utepe kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi. Ultrasaundi, iliyoingizwa katika uzazi na Ian Donald wa Glasgow katika miaka ya 1950, hupima mtoto mwenyewe na hukadiria umri vizuri zaidi miezi ya mwanzo. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apimwe nayo mara moja kabla ya wiki 24.

Kando ya Ziwa Viktoria tarehe hii ni pia ratiba ya safari. Mjamzito wa Ukara anayetakiwa kujifungulia hospitali kubwa, kama Bugando jijini Mwanza, lazima avuke maji, na kivuko hakimngojei aliyeshikwa na uchungu usiku. Muuguzi huhesabu wiki kadhaa kurudi nyuma kutoka tarehe ya matazamio, akamwambia lini aondoke nyumbani akakae kwa ndugu karibu na hospitali.