Julius Hirsch: straika aliyefunga manne Zwolle, akaishia Auschwitz

Tukitaja mastraika wa Ujerumani huwa tunaanza na Gerd Müller, tunashuka kwa Klinsmann mpaka Klose. Leo narudi nyuma kabisa, kwa jamaa anaitwa Julius Hirsch.

Alizaliwa mwaka 1892 mjini Achern, kusini magharibi mwa Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Akiwa na miaka 10 tu akajiunga na Karlsruher FV, na mwaka 1910 klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa Ujerumani naye akiwa kikosini. Alitumia mguu wa kushoto, na shuti lake lilikuwa kali balaa.

Sasa twende Zwolle, Uholanzi, Machi 24, 1912. Uholanzi 5, Ujerumani 5. Katika hayo matano ya Wajerumani, manne kayatupia Hirsch peke yake, dogo wa miaka 19! Kabla yake hakuna Mjerumani aliyewahi kufunga manne katika mechi moja ya timu ya taifa. Cha ajabu, kaichezea Ujerumani mechi saba na mabao yake yote ni hayo ya siku moja. Mwaka huohuo alikwenda Olimpiki ya Stockholm, na 1914 akabeba ubingwa wa pili, safari hii na SpVgg Fürth.

Halafu vita. Miaka minne jeshini, akarudi na nishani ya Msalaba wa Chuma. Ndugu yake Leopold hakurudi.

Aprili 1933 Hitler hajamaliza hata miezi mitatu madarakani. Klabu 14 za kusini zikatoa tamko kwamba zitashiriki kuwaondoa Wayahudi michezoni. Karlsruher FV imo. Fürth nayo imo! Yaani klabu zote mbili alizozipa ubingwa. Hirsch aliyasoma hayo gazetini kama mtu baki. Hakusubiri kufukuzwa, aliandika barua mwenyewe kujitoa kwenye timu aliyokuwa mwanachama tangu 1902, akawakumbusha kuwa Wayahudi nao walimwaga damu kwa ajili ya Ujerumani. Mimi hapo ndipo huwa naishiwa nguvu, maana hao hawakuwa maadui, walikuwa washkaji zake wa mazoezini.

Baada ya hapo ni mateso tu. Mwaka 1938 alijaribu kujiua. Mkewe alikuwa Mkristo, wakatalikiana kwa matumaini kwamba yeye na watoto wao wawili wangesalimika. Mwaka 1939 ikatoka albamu ya wachezaji wa timu ya taifa, jina la Hirsch halimo. Mabao manne yote yakafutwa kama chaki!

Machi 1, 1943 akapakiwa kwenye treni kutoka Karlsruhe kwenda Auschwitz. Njiani alifanikiwa kutuma kadi ya kumpongeza binti yake Esther kwa siku ya kuzaliwa. Ina muhuri wa posta ya Dortmund. Hakusikika tena. Mwaka 1950 mahakama ikatangaza kuwa amekufa, ikaweka tarehe ya Mei 8, 1945, siku vita ilipoisha Ulaya.

Esther na kaka yake Heinold walipelekwa kambi ya Theresienstadt mwanzoni mwa 1945, wakatoka hai. Chama cha soka cha Ujerumani kilianza kutoa tuzo yenye jina la baba yao mwaka 2005, miaka 72 baada ya ile barua.

Haya wadau, nani alikuwa anamjua huyu? Uwanja ni wenu.