Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa nuru

Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraki, takriban mwaka 965, akafariki Misri takriban mwaka 1040. Katika Kitab al-Manazir alibainisha kwa majaribio kwamba jicho halitoi nuru, bali huipokea kutoka kwenye vitu. Akaeleza pia namna macho yanavyokosea.

Kwa elimu hiyo ya miale, leo kompyuta huweza kuunganisha picha nyingi za mbuyu wa Shinyanga na kuuonyesha kwa pembe ambayo haikupigwa picha.

Ndugu Waislamu wa Shinyanga na Geita, tuwasomeshe watoto wetu elimu hii, nasi tuhakiki kila picha, iwe ya mti au ya jiwe la dhahabu, kabla ya kuisadiki. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.