Muhamadi Kijuma: Fundi, Stadi au Mjuzi?

Muhamadi bin Abubakari, aliyefahamika zaidi kwa jina la Kijuma, alizaliwa Lamu takriban mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Katika maisha hayo marefu alichonga mbao, alitunga tenzi, alinakili miswada kwa hati nzuri za Kiarabu na kupiga ala za muziki. Tena aliwafunza Kiswahili wataalamu kutoka Ulaya. Mtu wa namna hii aitweje?

Stadi, neno lenye asili moja na ustadhi, pamoja na mahiri, husifu kiwango cha ujuzi. Hayasemi lolote juu ya wingi wa mambo ayajuayo mtu. Mjuzi hutaja maarifa na kuuacha mkono kando. Kiraka, la lugha ya soka, humtaja mchezaji awezaye kupangwa popote, lakini lina dokezo la kuziba pengo, na Kijuma hakuziba pengo la mtu. Methali ya mshika mawili, kwa upande wake, humtilia shaka tangu mwanzo.

Limebaki fundi. Kwetu Ngujini, milimani Upare, fundi ni mwashi, seremala au mshona nguo, basi. Pwani neno hilo huwa pana zaidi: humhusu pia bingwa anayewafunza wengine kazi yake, nalo huhusishwa na kitenzi funda. Kwa maoni yangu ndilo limfaalo, kwani halitengi kazi ya patasi na ile ya kalamu.

Uteuzi huu si suala la kamusi pekee. Kijuma aliwaandikia miswada Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imehifadhiwa London na Ujerumani. Akiitwa mnakili tu, msomaji hatauliza ni wapi mkono wake ulinakili na ni wapi ulitunga, ilhali Utendi wa Liyongo wa mwaka 1913 ni utungo wake mwenyewe, uliojengwa juu ya masimulizi ya kale. Tasnifu ya Mohamed Abou Egl, iliyowasilishwa London mwaka 1983, ilimrudishia hadhi hiyo. Nao Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wakachapisha matini zake mwaka 2010, jina lake likiwa kwenye anwani ya kitabu.