Jean Depara: kutoka ndoa yake mpaka ndani ya bunge, maisha ya mpiga foto wa Kinshasa

Vijana wengi wa kwetu wanaanza kupiga foto kwa telefone, na kisha siku chache wanauliza: nichague ndoa, studio, ao habari? Jean Depara hakuchagua. Kila kazi iliyomufikia ilimufundisha namna nyingine ya kupiga.

Alizaliwa mwaka 1928 huko Kibokolo, kaskazini mwa Angola. Mwaka 1950, alipofunga ndoa, alinunua apareye ndogo ya aina ya Adox ili abakize ukumbusho wa siku ile. Hivyo ndivyo alivyoingia katika ufundi huu, bila masomo.

Akafika Leopoldville, Kinshasa ya leo, lakini foto peke yake haikumulisha. Alitengeneza kinga, alitengeneza apareye za watu, alifanya biashara ya vyuma vya zamani. Hapa tusipite mbio: mtu anayefungua apareye iliyoharibika na kuirudisha kazini anajua mwangaza unapitia wapi mbele ya kufika kwenye filme. Mimi naona hiyo ilikuwa shule yake ya kwanza.

Mwaka 1954, Franco Luambo, wakati ule kijana wa miaka 16 hivi ambaye jina lake lilianza kusikika, alimuomba awe mpiga foto wake. Mlango wa dansi ukafunguka. Depara akafungua studio kwa jina la Jean Whisky Depara, na jina hilo lilieleza wazi mahali alipopenda kuwa.

Muchana, mteja wa studio anakaa, ananyoosha nguo, anangoja. Usiku ni kazi nyingine kabisa. Ndani ya baa kuna giza, watu wanacheza, hakuna anayengoja. Depara alitumia flash: inapiga uso na nguo nyeupe, nyuma yote inabaki nyeusi. Nafasi ni ya sekunde tu, na filme inalipiwa. Ndiyo sababu alipaswa kwanza kutazama: nani anacheka, nani anakuja na nani, nani anataka kuonekana. Na pale wengi walitaka kuonekana. Wanamuziki, wanawake wenye kuvaa vizuri, na wale vijana walioitwa Bills, wenye kuiga mavazi na mwendo wa filme za cowboy.

Mbali na usiku, kuna foto zake za pembeni ya bwawa la kuogelea: wanaume wakionyesha misuli chini ya jua kali. Pale flash haina kazi kubwa. Kivuli ndicho kinachochora mwili. Ni mtu yule yule, lakini jicho limebadilika.

Kisha mambo yakageuka. Kuanzia mwaka 1975, wakati wa Zaïre ya Mobutu, akawa mpiga foto wa bunge, kazi aliyoifanya mpaka mwaka 1989. Mushahara ni mushahara, hakuna wa kumulaumu. Lakini katika foto ya serikali, mpiga foto hachagui sana: mkubwa anasimama katikati, mikono inapeanwa, kazi imeisha. Mtu aliyezoea kuwinda sekunde moja ndani ya giza la baa alitumia miaka 14 mbele ya viti vya wabunge.

Alifariki Kinshasa mwaka 1997, mwaka ule ule Mobutu alipoanguka. Mwaka 2015, miaka 18 kisha kifo chake, Fondation Cartier ya Paris ilimuweka katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Congo yaliyoitwa Beauté Congo. Foto zake zinazojulikana zaidi leo si zile za bunge. Ni zile za usiku, alizopiga akiwa katikati ya wacheza dansi, flash mukononi.