Profesa Smith alivyomsaka silikanti miaka 14

Kabla jarife za Tanga hazijaanza kumnasa silikanti, Profesa J.L.B. Smith wa Afrika Kusini alishamhangaikia sana. Kazi yake kemia, mapenzi yake samaki. Mwaka 1939 alimtambua wa kwanza, lakini matumbo yalishatupwa! Akasambaza vipeperushi pwani nzima: zawadi pauni 100.

Desemba 1952 nahodha Eric Hunt akampata mwingine Komoro. Smith akapewa ndege ya jeshi, huku akihofia aibu kama siyo yeye. Alipomwona, akalia.

Alifariki 1968, bila kujua siri ya yale mapezi yenye misuli na mifupa. Mwaka 2013 watafiti walitia kwenye panya kipande cha DNA ya silikanti, kinachofanya kazi kama swichi ya jeni. Kikawaka miguuni.